Kikande cha Dimba la Lihanje

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kupumua. Mkuu wa Maabara, mama wa miwani ambaye hakupenda kurudia neno, alinisimamisha mlangoni nikiwa na dekio mkononi, akasema, "Dada, ukifika kwenye meza ile ya vikopo, geuza uso pembeni. Ukivipumulia, mashine itatuletea majibu kwamba ua letu limezaliwa kwenu Majengo."

Nilicheka. Yeye akaendelea kunitazama mpaka kicheko kikaniishia. Ndipo nikajua nimeingia mahali ambapo pumzi ya mtu ni uchafu, na kwamba vitu wanavyovitafuta watu wale ni vidogo kiasi hicho. Nilideki sakafu nzima uso nimeugeuza kama bibi harusi, moyo ukinidunda kwa hamu ya kujua kuna nini ndani ya vile vikopo. Hamu hiyo haijaniisha mpaka leo, na mwaka jana nilistaafu.

Kabla ya hapo watu wa Majengo walinijua kwa vitumbua. Wazazi wetu walifariki wakifuatana nikiwa kidato cha pili, na mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule, nikashika kikaango, na sikukiweka chini mpaka mdogo wetu wa mwisho alipomaliza chuo cha ualimu. Sisemi haya ili nionewe huruma. Wapo wengi Songea waliolelewa na dada. Nasema ili kijana anayesoma ajue kwamba nilipopata kibarua cha kuosha vyombo katika kituo cha utafiti wa mimea, upande wa Msamala, nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutamani kazi kwa sababu ya kazi yenyewe.

Kazi ilikuwa hii. Kila kiumbe kina vinasaba, yaani maandishi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili wake, yanayomwambia awe mchicha au awe mbuzi. Maandishi hayo ni marefu mno, lakini wataalamu waligundua kwamba ukisoma kipande kifupi tu, kilekile kwa kila mmea, kinatosha kukuambia mmea huo ni nani. Wakakiita msimbopau, kwa kufananisha na ile mistari myeusi nyuma ya pakiti ya sabuni. Muuza duka hana haja ya kunusa sabuni. Anapitisha mistari kwenye mashine, jina linatokea. Kituo chetu kilitaka kufanya hivyo kwa okidi za Ruvuma, yale maua ya porini yanayotoka masika na kupotea, na kujua pia kama okidi za mahali fulani ni za ukoo mmoja au za koo nyingi. Mahali penye koo nyingi pana uhai mrefu. Ugonjwa ukija, au ukame, hauwezi kuzimaliza zote.

Mkuu wa Maabara aliona nilivyokuwa nikiulizauliza. Siku moja msaidizi wake alipougua, alinipa pipeti. Hiyo ni bomba dogo la kuvutia dawa, na tone lake ni dogo kuliko punje ya ulezi. Mbele yangu akaweka trei ya plastiki yenye vishimo vingi vilivyojipanga safu kwa safu, kila kishimo kinataka tone lake. Trei ya kwanza niliiharibu yote. Ya pili niliitazama vizuri: kilikuwa kikaango cha vitumbua! Kidogo, cheupe, kisicho na moto, lakini kikaango. Mkono wangu ulikuwa umemimina kiasi kilekile kwenye shimo baada ya shimo tangu ujana. Nikaacha kufikiri, nikamimina.

"Nani kakufundisha?" Mkuu akauliza.

"Wateja wa asubuhi, mama. Ukimpunjia mmoja anakutangaza mtaa mzima."

Baada ya hapo nilipelekwa Morogoro kwa mafunzo ya majuma kadhaa, nikarudi nikiwa msaidizi wa maabara. Na kwa kuwa sikuwa na mtoto mdogo wa kunyonyesha wala mume wa kumwomba ruhusa, nikawa pia mtu wa safari.

Safarini mkubwa wangu alikuwa mtaalamu wa mimea tuliyemwita Dokta. Alikuwa Mhehe, kwa hiyo mtani wangu mimi Mngoni; wao hututania kwamba tunakula panya, sisi kwamba wao wanakula mbwa, na safari haikuanza bila kurushiana maneno.

"Mngoni, mtego wako wa panya umeuacha wapi leo?"

"Nimeutuma kwenu Iringa, Dokta, ukaokoe mbwa waliobaki."

Tulizunguka milima ya Matogoro, tukazunguka vilima vya upande wa Namtumbo, tukikusanya. Ukikuta okidi imechanua, unaipiga picha, unaandika mahali, unakata kipande cha jani kama ukucha, unakitia kwenye kifuko chenye punje za silika. Silika hunywa maji. Jani likikauka upesi vinasaba vyake hubaki salama; likikauka polepole huoza, na maandishi yake yanakatikakatika kama gazeti lililonyeshewa. Punje hizo zikishiba maji hubadilika rangi, buluu inakuwa waridi, na hapo ujue hazikusaidii tena. Kila sampuli tuliigawa nusu mbili, moja ya kazi, moja ya akiba. Hiyo ilikuwa sheria ya Mkuu wa Maabara, na haikuwa na msamaha.

Hivyo ndivyo tulivyofika Dimba la Lihanje, upande huohuo wa Namtumbo.

Dimba, kwa asiyejua, ni bonde la majimaji ambalo kiangazi, kwingine kukikauka, lenyewe bado lina unyevu. Lihanje lilikuwa chini ya vilima vitatu, kijiji kiko pembeni, na masika ile lilikuwa limejaa okidi mpaka Dokta akavua kofia. Za manjano, za waridi, nyingine kijani kama zimeona haya kuchanua. Wenyeji hawakuziita kwa maua yake. Waliziita kwa kile kilicho chini: kikande. Okidi hizi zina viazi vidogo ardhini. Huchimbwa, huoshwa, hupondwa pamoja na karanga na magadi, hupikwa mpaka vishikamane, kisha hukatwa vipande kama mkate. Wachuuzi huja kuvichukua magunia kwa magunia wakapeleka mpaka Tunduma.

Mchimbaji mkubwa wa pale alikuwa Bi Zainabu, mjane wa Kindendeule, mfupi, mwenye kijembe kilicholika mpaka kikabaki kama kijiko. Aliwalea wanawe kwa kikande. Tulipomwamkia tu shikamoo, alituuliza kabla hata hatujakaa, "Marahaba. Nyie mmekuja upande wa nani?"

Hatukuelewa. Akatueleza. Mwenyekiti wa kijiji na wakulima wenzake walitaka dimba lilimwe, liwe mahali pa vitalu vya miche ya tumbaku, kwa sababu vitalu vinataka maji karibu. Tumbaku ndiyo kilimo cha pale, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini kitalu cha tumbaku huanza kwa kurundika matawi na kuchoma ardhi ili kuua kila mbegu na kila mdudu. Likishachomwa, Lihanje halitakuwa na kikande tena.

"Mkutano mkuu ndio utaamua," alisema Bi Zainabu. "Wanaume wanasema kikande kiko kila mahali, likifa dimba tutachimba mlimani. Mimi nasema cha hapa si sawa na cha mlimani. Lakini nikisema mimi, ni mdomo wa mwanamke mwenye njaa yake."

Dokta akamwambia kwamba hilo hasa ndilo swali tunaloweza kulijibu. Mwenyekiti naye, mtu mpole wa kanzu na mwendo wa haraka, alikubali kusubiri. "Leteni majibu kabla ya kuandaa vitalu," alisema. "Kama maua haya yapo kwingine, tutalima. Kama hayapo, tutazungumza."

Basi tukakusanya kama wendawazimu. Na mvua nayo ikanyesha kama inatushindania. Siku ya nne punje zote za silika zilikuwa waridi, na barabara ya kurudi Songea ilikuwa imekatika. Majani yalianza kulegea ndani ya vifuko. Mwenyekiti alipotuona tumekaa kwa huzuni barazani kwake, alitucheka.

"Kukausha majani ndiko kunakowaliza? Mimi kazi yangu ni nini?"

Akatupeleka kwenye bani lake, kile kibanda kirefu cha udongo ambamo tumbaku ya moshi huning'inizwa juu ya moto mdogo. Tulifunga sampuli ndani ya magazeti, tukazitundika. Zilikauka vizuri ajabu. Dokta alimshukuru Mwenyekiti kwa mikono miwili, mimi nikamshukuru, na barabara ilipofunguka sote tukapanda gari tunaimba.

Kazi ya maabara tuliifanya Songea, na kusoma maandishi yenyewe kulifanywa mbali, chini ya Mratibu wa Mradi. Majibu yalipokuja, Mratibu alipiga simu mwenyewe, na Dokta akaiweka kwenye spika ili tusikie wote.

"Hongereni," Mratibu akasema. "Mmegundua okidi inayovutwa."

Hakuna aliyepumua, na safari hii haikuwa kwa amri.

"Nusu ya sampuli zenu za Namtumbo zimesomeka tumbaku. Tumbaku safi! Mlizikaushia wapi, kwenye kiko?"

Vumbi la bani lilikuwa limepenya magazeti. Katika chembe moja ya vumbi la jani kavu kuna vinasaba vingi kuliko katika jani letu lote lililonyauka, na mashine ya kuzidisha, ile inayonakili vinasaba mpaka vitoshe kusomwa, haijui adabu, humzidisha aliye mwingi. Nusu za akiba nazo zilikuwa zimelala bani lilelile. Mkuu wa Maabara alizitupa zote mbele yetu, moja moja.

Habari zilifika kijijini kabla yetu. Tulipokwenda, watoto walituimbia "Sigara, sigara." Wengine walinong'ona kwamba Mwenyekiti alifanya makusudi. Haikuwa kweli, na nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Alitupokea kichwa chini.

"Nimewasaidia nikawaua," alisema. "Wataniambia nililipia vitalu vyangu kwa moshi. Nendeni mkakusanye tena. Mkutano utakuwa palepale, lakini sitauwahisha hata siku moja."

Lakini tukusanye nini? Masika yalikwisha. Maua yamekauka, majani yamelala chini na kuoza. Lihanje lilikuwa majani makavu matupu, na mtu angeweza kuapa kwamba hakuna okidi iliyowahi kuota pale.

Bi Zainabu akafunga kanga kiunoni. "Nyie mnawajua wakiwa wamevaa," alisema. "Mimi nawajua wakiwa wamelala."

Alitembea akibonyeza ardhi kwa kisigino, anasimama, anachokoa, anatoa kiazi. Sisi tukakata kipande chembamba, tukakitia kwenye silika mpya kavu, buluu kama mbingu, na kiazi tukakirudisha. Tulifanya hivyo bonde zima, na vilimani pia alikotupeleka. Dokta ndiye aliyepanga mistari ya kupita, ili tusichukue tu pale anapopapenda Bi Zainabu, na wawili hao waligombana bonde zima kama mke na mume kuhusu mahali pa kukanyaga. Nilifurahi kuliko siku yoyote kazini. Tulikuwa tunashindana na jembe!

Furaha ikagonga ukuta maabara. Kiazi cha kikande kina utelezi, ndio unaokifanya kishikamane chunguni. Ukikisaga na dawa, unapata mlenda. Vinasaba vimo mle ndani, lakini vimeshikwa kama nzi kwenye asali, na mashine ya kuzidisha haiwezi kuvifikia. Tulijaribu, hakuna kitu. Tukajaribu tena, hakuna kitu. Mkuu wa Maabara alitafuta njia zilizoandikwa na wenzetu wa nchi nyingine, na mimi nikazifanya, moja baada ya nyingine: kuongeza chumvi, kuosha mara mbili, kuzungusha kwenye mashine mpaka mlenda ushuke chini, kunyonya maji ya juu bila kuugusa. Mkono ukitetemeka kidogo tu, mlenda unapanda kwenye pipeti na kazi ya siku imekwisha.

Unajuaje kwamba umepata? Unamimina tone kwenye jeli, kipande cha kitu kama uji ulioganda, unapitisha umeme, unaweka chini ya taa ya urujuani. Vinasaba vikiwepo vinang'aa, mstari mmoja mwembamba. Kwa majuma tulitazama giza. Asubuhi moja niliwasha ile taa, na mistari ilikuwepo! Safu nzima, kama taa za mtaa wakati umeme umerudi. Nilipiga kelele hata mlinzi akaja na rungu. Mkuu wa Maabara alikuja nyuma yangu, akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

"Usiguse kitu," alisema. Kisha akasahau ukali wake, akanishika mabega akanitikisa. "Dada, umeona? Umeona?"

Majibu yalirudi. Na Mratibu wa Mradi alipiga simu tena, safari hii bila mzaha.

"Mmechanganya lebo."

Tulikuwa tumesoma vipande viwili vya maandishi, kimoja cha kutambulisha spishi, kingine kinachobadilika upesi na ambacho kwa hiyo huonyesha ukoo. Kwenye vilima mambo yalikuwa kama ilivyotarajiwa, kila kilima na koo zake. Kwenye dimba, sehemu ya chini karibu na kijiji ilikuwa na ukoo mmoja tu. Lakini sehemu ya juu, penye kijito, zilikuwepo koo za kilima cha kwanza, za cha pili, za cha tatu, zote zimesimama bega kwa bega, na nyingine zimezaliana. Pia kulikuwa na koo ambazo vilimani hatukuzipata kabisa.

"Okidi hazikai hivyo," Mratibu alisema. "Baada ya ile tumbaku, siwezi kupeleka majibu haya mbele ya mtu yeyote. Na ninyi msiyapeleke kijijini."

Mkutano ulikuwa unakaribia. Safari hii nusu za akiba zilikuwa safi, zimekaa kabatini kwa Mkuu wa Maabara. Tulianza upya kutoka kwenye akiba, mimi nikitoa vinasaba, Mkuu mwenyewe akiandika lebo bila kuniruhusu nione ni sampuli ya wapi, ili nisijidanganye. Majibu yakarudi. Yalikuwa yaleyale.

Dokta alikaa akiyatazama, kalamu mdomoni. "Mmea hauna miguu, Skola," akaniambia hatimaye. "Kuna mtu kaubeba. Twende."

Tulipofika Lihanje tulikuta wanawake wanne kijitoni, wameshuka kutoka kilimani na magunia, wanaosha kikande. Bi Zainabu alikuwa miongoni mwao. Dokta hakuuliza kitu, alisimama akatazama. Viazi vikubwa viliingia guniani. Vile vidogo, vya ukubwa wa maharage, walivisogeza pembeni.

"Bi Zainabu, hivyo vidogo mbona hamvitii guniani?"

"Vitoto hivyo. Nani anauza mtoto?"

"Mnavitupa?"

"Tuvitupe!" Wenzake wakaguna. "Ukitupa kitoto njiani, mwakani kilima kinakununia. Tunavirudisha matopeni, hapa hapa. Bibi yangu alifanya hivi, na bibi yake."

"Vitoto vya kilima gani?"

"Vya popote tulikotoka. Ukishuka huku, ukishuka kule, maji ya kuoshea ni haya."

Dokta alikaa chini palepale, kwenye tope, na suruali yake ya kwendea mjini. "Mngoni," akaniambia, "umeiona miguu ya mmea?"

Mimi nilikuwa nacheka na kulia. Vizazi na vizazi vya wanawake walikuwa wameleta koo za vilima vyote mahali pamoja, bila hata mmoja kujua, wala Bi Zainabu mwenyewe. Alipoelewa tunachosema alishika mdomo. Koo zilizokwisha vilimani kwa kuchimbwa zilikuwa hai pale, kwenye kipande cha tope ambacho kingekuwa cha kwanza kuchomwa, kwa kuwa ndicho kilicho karibu zaidi na maji. Mratibu alielezwa kwa simu, akasema maneno mawili tu: "Nendeni mkaseme."

Mkutano ulijaa. Mwenyekiti alifungua kwa dua, kisha akasema, "Wataalamu wametuletea majibu. Tunaomba mara hii yasiwe ya tumbaku." Watu walicheka sana, na yeye akacheka kuliko wote, nikaona mzigo umemshuka.

Dokta alinisukuma mbele. "Sema wewe. Mimi nikianza Kilatini watalala."

Nikawaamkia wazee, nikaeleza. Nilisema koo, sikusema vinasaba. Nilisema kwamba kijitoni pale pana ndugu wa vilima vyote, na wengine ambao kwao kumekwisha kufa, wamebaki ugenini tu. Kijana mmoja mkulima alisimama. "Sawa, mama. Lakini tumbaku inasomesha. Maua yanasomesha nani?"

Bi Zainabu hakuinuka. "Yamemsomesha mwalimu anayemfundisha mwanao kusoma," alisema. "Kamuulize karo yake ilichimbwa wapi."

Wanawake walipiga vigelegele. Lakini Dokta aliinua mkono, na nilijua atasema nini, tulikuwa tumekubaliana kwamba lazima lisemwe. Alisema kwamba sehemu ya chini ya dimba, ile yenye ukoo mmoja tu, imekuwa hivyo kwa sababu ndiko kunakochimbwa kila mwaka. Wachimbaji wakiendelea, ya juu nayo itafuata. Likibaki bila kulimwa lakini likachimbwa, tumeokoa jina tu.

Vigelegele vikakatika. Mwenyekiti akamgeukia Bi Zainabu taratibu. "Umesikia, mama. Sisi tukiacha kulima, nyie mtaacha kuchimba?"

Kila mtu alijua maana yake. Magoti ya Bi Zainabu yalikuwa yamechoka. Vilima ni mbali, dimba liko nyuma ya nyumba yake. Alikuja mkutanoni kuliokoa ili alichimbe. Alitutazama sisi, na sitasahau jicho lile, halikuwa la shukrani.

"Wanangu," alisema, "kumbe hamkuja upande wangu."

Akakaa na kijembe chake mapajani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini iliyofanya watu wasogee, "Kuna jembe lake na kuna jembe langu. Hapo kijitoni bibi yangu alipiga magoti. Wekeni chini yote mawili." Akakiweka kijembe ardhini mbele ya Mwenyekiti, akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mikono ilipanda polepole, mingine ya wanaume. Wengi walikataa, lakini waliokubali walizidi. Vitalu vilipelekwa upande wa chini, kupita daraja la kuingilia kijijini, mwendo mrefu zaidi kwa kubeba maji, na Mwenyekiti alinung'unika kuhusu mwendo huo miaka yote aliyobaki madarakani. Lakini hakuligusa dimba. Kuosha kikande kijitoni kuliruhusiwa, na kurudisha vitoto. Kuchimba, hapana.

Baada ya Lihanje nilifanya kazi chini ya Wakuu wa Maabara wengine wawili. Nilipelekwa Umatengo kwenye milima ya kahawa, nikapelekwa mpaka mwambao wa Nyasa, na okidi nyingi zilipita mikononi mwangu. Siku hizi mashine ya kusoma vinasaba imekuwa ndogo, inaingia mfukoni, na vijana wanaisomea palepale porini. Nawaonea wivu! Ningezaliwa upya ningeanza tena kwa dekio, ili tu nifike huko. Ninaloweza kuwaambia ni hili: majibu mkiyapata, pelekeni yote, hata kipande kitakachomuumiza aliyewakaribisha chakula. Bi Zainabu hakusema nasi mwaka mzima. Alipanda vilima na magoti yale, na mimi nilijua ni majibu yetu yaliyompandisha. Sijawahi kuona kwamba tungepaswa kuyaficha, na sijawahi kuona kwamba yalikuwa mepesi.

Sasa naishi Ruhuwiko, nafuga kuku, na masika napanda basi la Namtumbo. Mwaka huu nilimkuta Bi Zainabu kijitoni. Hapandi tena vilima. Amekuwa mtu wa kukaa ukingoni, na wanawake wakishuka na magunia humletea vitoto, yeye ndiye huvirudisha. Nyuma yake dimba lote lilikuwa limechanua mpaka kijijini, hata ile sehemu ya chini, rangi ambazo zamani hazikuwepo kule.

Nilimwamkia, nikakaa karibu naye kwenye majani mabichi. Alikuwa ameshika kitoto kimoja, kina ncha mbili kama kwato. Akakigeuza, akanipa.

"Skola, huyu wa ukoo gani?"

Nilikitazama sana. Sikuwahi kuona cha namna ile. "Sijui, Bi Zainabu. Mpaka apimwe."

"Kipimo kiko wapi?"

"Songea. Na ufunguo si wangu tena."

Alikichukua kutoka kiganjani kwangu. "Basi aote kwanza," alisema, akakisukuma matopeni kwa kidole gumba, akanyoosha mkono kuomba kingine.